KUTUMIKIA MEZA ZA WATU: NI WAKATI GANI INAFAA KUACHA KAZI?
(Fundisho kwa waaminifu wote, hasa vijana na mama)



Katika fundisho hili tunataka kusema juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi za waaminifu wetu hapa Lubumbashi, na vilevile Likasi na Kolwezi. Ni kazi ya kutumika katika restora. Vijana wetu wengi, wasichana kwa wavulana, na hata mama wenye watoto, wanapata chakula cha nyumba zao kwa kubeba sahani na glasi za watu wengine. Wengine wako katika hoteli kubwa za katikati ya mji. Wengine wako katika vibanda vya bukari na sombe karibu na soko. Wengine wako katika manganda ya Kamalondo na ya Kenya, fasi watu wanakula na kunywa mpaka usiku mwingi.

Mara nyingi sisi mashemasi tunapokea mtu wa namna hii, naye anauliza: "Baba Shemasi, niache kazi ao nivumilie?" Ulizo hili si dogo. Anayeacha kazi vibaya anatia watoto wake njaa. Anayekaa kupita kiasi anapoteza afya, ao heshima, ao imani. Kwa hiyo haifai kujibu haraka. Tutazame jambo hili kwa utaratibu, kipande kwa kipande.

I. KAZI YA MEZA SI KAZI YA ZARAU

Kwanza tuondoe wazo baya. Kuna waaminifu wanaosema kwamba kubeba sahani ni kazi ya wale walioshindwa masomo, na kwa hiyo mtu anaweza kuiacha siku yoyote bila kufikiri, kama mtu anavyotupa gunia lililotoboka. Hiyo si kweli.

Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa luga ya Kiyunani walisahauliwa katika mgawanyo wa chakula cha kila siku. Manunguniko yakaanza. Mitume wakaomba wachaguliwe watu saba wa kutumikia meza, na sharti likawekwa: wawe watu wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Basi kazi yetu ya ushemasi inakumbuka wale saba, na jina lenyewe la shemasi maana yake ni mtumishi. Nani atazarau meza?

Tena kazi hii inadai akili nyingi. Mtumishi mwema anashika kichwani maagizo ya meza tano kwa mara moja. Anajua nani aliomba samaki bila pilipili, nani ana haraka ya kurudi kazini, nani ameanza kulewa na anatafuta ugomvi. Anahesabu feza ya wengine bila kukosea. Anasimama tangu asubui mpaka usiku, na uso wake hauonyeshi uchungu wa miguu. Mtu aliyejifunza mambo haya hakupoteza wakati wake, hata akiondoka kesho. Anaondoka na ufundi.

Kwa hiyo ulizo letu si kama kazi hii ni nzuri ao mbaya. Ulizo ni hili: kazi hii, katika nyumba hii, chini ya mkubwa huyu, je, wakati wake kwangu umekwisha?

II. MAMBO YASIYOTOSHA KWA KUACHA KAZI

1. Uchovu wa siku moja. Kila kazi ina siku yake mbaya. Siku za sikukuu, mwisho wa mwezi, siku ya arusi, wageni ni wengi na watumishi ni wachache. Mtu aliyelala saa nne tu asiandike barua ya kuacha kazi asubui ile. Alale kwanza, apumzike, halafu afikiri.

2. Gazabu. Ndugu mmoja alitumika miaka 2 katika restora moja ya mji. Jumamosi moja, fasi imejaa watu, mkubwa wake akamgombeza mbele ya wageni juu ya sahani iliyochelewa. Kosa lilikuwa la jikoni, halikuwa lake. Ndugu akavua aproni, akaitupa juu ya meza, akaenda zake. Ilikuwa tarehe 24 ya mwezi. Akafuata mshahara wa siku zile 24 mara sita, na kila mara akaambiwa kwamba yeye ndiye aliyevunja mapatano. Nyumbani, mke wake alikuwa amekwisha kuchukua unga na mafuta kwa deni, akitegemea mwisho wa mwezi. Mwishowe walipatanishwa mbele ya Inspeksio ya Kazi, lakini miezi ilikuwa imepita na mwenye duka hakuwapa tena kitu kwa deni. Juu ya sahani ile, ndugu alikuwa na haki. Namna ya kuondoka kwake ndiyo iliyoifunika haki yake.

3. Maneno ya rafiki. Mwingine anaitwa na rafiki: "Njoo Kolwezi kwenye machimbo, huku tunashika feza kila siku." Rafiki haelezi siku alizokaa bila kupata kitu, wala wale waliofukiwa na udongo. Usiache kazi unayoijua kwa kazi uliyoisikia. Nenda kwanza ukaone kwa macho yako, ulale kule siku mbili, uulize watu watatu wasiojuana.

4. Ndoto peke yake. Katika kanisa letu tunaheshimu ndoto na maono, na hatutaki mtu aseme kwamba tunayazarau. Lakini ndoto inaletwa kwa wazee, inapimwa, inangojewa. Tumeona watu walioota wanaondoka, wakaondoka asubui, na kisha wakagundua kwamba ni hofu ya mkubwa wao iliyowafuata usingizini. Jambo la Mungu haliharibiki likingoja juma tatu.

5. Mimba. Dada mjamzito asikimbilie kuandika barua kwa sababu ya haya ao kwa sababu mkubwa amenuna. Sheria ya Kazi ya inchi yetu inampa mama pumziko la kuzaa la juma 14, na katika muda ule ana haki ya sehemu mbili kwa tatu za mshahara wake. Anayeacha mwenyewe anatupa haki hii. Afazali aombe kazi nyepesi, kama kuhesabu feza ao kupanga meza, kuliko kuondoka mikono mitupu.

III. ALAMA TANO ZINAZOONYESHA KWAMBA WAKATI UMEKARIBIA

1. Mshahara unageuzwa-geuzwa. Yakobo alimtumikia Labani miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya binti zake wawili, na miaka 6 kwa ajili ya mifugo. Katika Mwanzo sura ya 31 tunasoma kwamba Labani aligeuza mshahara wake mara kumi, na kwamba Yakobo aliona uso wa Labani haukuwa tena kama mbele. Kuna shida ya kweli, ambayo mkubwa mwenyewe anaieleza: wageni wamepungua, umeme ulikatika na nyama ikaoza, mwezi umekuwa mgumu. Katika shida ya namna hii mtumishi mwema anavumilia pamoja na nyumba. Lakini tofautisha shida na desturi. Mshahara ukichelewa mara moja, ni shida. Ukichelewa miezi mitatu mfululizo, na mkubwa ananunua gari, ni desturi. Vilevile glasi ikivunjika na bei yake ikakatwa mara mbili. Ao mgeni akikimbia bila kulipa, na kila mara mtumishi ndiye anayelipa. Sheria yetu ya kazi inahesabu kukata mshahara pasipo haki kati ya makosa makubwa ya mwenye kazi.

2. Unaagizwa kudanganya. Mkubwa anakuambia uongeze chupa mbili juu ya hesabu ya mtu aliyelewa, kwani hatakumbuka. Ao samaki aliyekaa siku mbili bila baridi, unaambiwa umtie pilipili na ndimu nyingi, umpeleke mezani. Hapa hatusemi juu ya uchovu ao feza; tunasema juu ya zamiri, na juu ya tumbo la mtoto wa mtu. Sema hapana kwa adabu mara ya kwanza. Mara nyingi mkubwa anarudi nyuma akiona kwamba unasema kwa heshima na bila kumtangaza. Akiagiza tena na tena, nyumba ile imekwisha kukuambia yenyewe kwamba utafute fasi ingine.

3. Heshima ya mwili inashambuliwa. Jambo hili tunalisema wazi, kwa sababu dada wengi wanalificha. Kuna wageni wanaofikiri kwamba matabishi yao yananunua zaidi ya kuletewa sahani. Kuna wakubwa wa kazi wanaosema kwamba kazi itaendelea kama dada atakubali. Dada, si wewe uliyefanya zambi. Usilie peke yako. Mwambie mama mzee wa kanisa unayemwamini, ao dada yako mkubwa, siku ile ile. Yosefu, katika Mwanzo sura ya 39, hakungoja mwisho wa mwezi: aliacha vazi lake mikononi mwa mke wa bwana wake, akakimbia. Hapa sheria ya Mungu na sheria ya inchi zinapatana. Sheria ya Kazi inasema kwamba mwenye kazi anayemsumbua mfanyakazi kwa mambo ya mwili amefanya kosa kubwa, na mfanyakazi anaweza kuvunja mapatano mara moja, bila kungoja siku za kuaga, mradi aeleze kwa maandishi na bila kukawia. Tena tangu mwaka wa 2006 jambo hili linahesabiwa kati ya makosa yanayopewa azabu na mahakama. Ni katika alama hii peke yake tunasema: ondoka kwanza, hesabu baadaye. Na nyumba inayomlaumu dada huyu kwa kupoteza mshahara inakosa sana.

4. Pombe inakuwa kazi yenyewe. Tunaulizwa mara kwa mara: kama kanisa letu linakataza pombe na tumbaku, je, mwaminifu anaweza kubeba chupa mezani? Sisi mashemasi hatuweki sheria mpya. Ni kazi ya wakubwa wa kanisa. Lakini tunaweza kusaidia kufikiri. Kuna restora fasi watu wanakuja kula, na kati ya sahani ishirini kuna chupa tano. Nehemia mwenyewe alimpelekea mfalme divai, na hatusomi kwamba aliinywa. Kuna pia fasi ambapo dada anatumwa akae pamoja na wageni, acheke nao, aonje nao, ili wanunue zaidi, na mshahara wake unahesabiwa kwa chupa alizouzisha. Ile ya kwanza ni kazi ya meza. Ile ya pili ni mtego unaotegwa kwa kutumia uso wako. Jipime hivi: unaporudi nyumbani, je, unaweza kumweleza mtoto wako kazi uliyofanya leo tangu mwanzo mpaka mwisho? Kama kuna kipande unachokiruka, kipande kile ndicho cha kuangalia.

5. Mwili na nyumba vinavunjika. Miguu inavimba na haipungui hata asubui. Kikohozi cha moshi wa makala hakiishi. Mtoto mdogo anamwita jirani "mama". Kwa kawaida Sheria ya Kazi inaweka saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma, na pumziko la kila juma ni la lazima, ambalo kwa desturi ni siku ya Mungu. Wengi wenu mnatumika saa 12 kwa siku, siku 6, maana yake saa 72. Kijana anaweza kubeba mzigo huo mwaka mmoja. Mama wa watoto watatu akiubeba miaka mitano, anakula akiba ya uzee wake.

Alama moja, kama si ya pili ao ya tatu, inaomba mazungumzo. Alama mbili zinaomba matayarisho. Alama tatu zikikaa pamoja nusu mwaka, usiulize tena kama utaondoka. Uliza namna gani.

IV. KABLA YA KUONDOKA

Kwanza, omba badiliko. Danieli na wenzake, walipowekewa chakula cha mfalme, hawakugeuza meza. Danieli alizungumza kwa heshima na msimamizi, akaomba majaribu ya siku kumi, ya mboga na maji. Alileta shauri lenye muda na lenye kupimika. Fanya vilevile. Usimwambie patroni "Ninachoka." Mwambie: "Patroni, ninaomba nianze saa moja asubui na nitoke saa kumi, kwa mwezi mmoja, halafu tutazame pamoja kama kazi imeharibika." Chagua saa ambayo restora ni tupu, wala usiseme mbele ya wenzako. Wakubwa wengi hawajui, kwa sababu hakuna aliyewaambia ila yule aliyekuwa tayari na gazabu.

Pili, ita watu wa nyumba yako. Yakobo, alipotaka kumwacha Labani, aliwaita Raheli na Lea shambani, akawaeleza yote, nao wakajibu. Mume asiache kazi mke akasikia kwa majirani. Mke asiache kazi mume akaona tu kwamba hakuamka mapema. Na kijana anayesaidia wazazi awaambie mapema, kwani kuna wadogo zake ambao minervali yao inatoka katika aproni ile. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2019 shule za msingi za serkali hazilipishi, lakini mwenye mtoto katika sekondari anajua namna mwezi wa tisa unavyokuwa.

Tatu, fanya hesabu ya kweli. Kuna mshahara unaotajwa, na kuna mshahara unaofika nyumbani. Chukua karatasi, andika kama mfano huu. Tuseme umepatana franka 250 000 kwa mwezi, siku 26 za kazi. Usafiri wa kwenda na kurudi ni franka 3 000 kwa siku, ni 78 000. Glasi na wageni waliokimbia, unakatwa 35 000. Imebaki 137 000. Ongeza matabishi, tuseme 1 500 kwa siku, ni 39 000. Jumla yako ni franka 176 000. Sasa gawanya kwa saa zako: saa 12 mara siku 26 ni saa 312. Unapata kidogo zaidi ya franka 560 kwa saa. Labda utaona kwamba kuna kazi ndogo karibu na nyumba, bila usafiri, inayoweza kuleta sawasawa. Ao labda utaona kwamba matabishi yako ni mengi kuliko ulivyofikiri, na kwamba ni afazali kuvumilia. Karatasi haina gazabu wala hofu, itakuambia ukweli.

Nne, weka akiba ya mlango. Tunaita hivyo ile feza inayokuwezesha kupita mlangoni bila kuanguka. Jaribu kupata chakula na kodi ya nyumba kwa miezi miwili ao mitatu. Ukiwa katika likelemba, omba zamu yako iwe katika mwezi wa kuondoka. Usiondoke ukiwa na deni kwa patroni, kwani deni ni kamba.

Tunataka kutoa mfano wa dada mmoja wa kwaya, mwenye watoto watatu. Aliona alama tatu: mshahara wa kuchelewa, saa nyingi, na siku ya Mungu ambayo hakupewa hata moja katika mwezi. Akaomba badiliko, likakataliwa. Hakupiga kelele. Kwa miezi mitano alitia matabishi yake yote katika likelemba, na jikoni ya restora akatazama kwa bidii namna ya kupika kwa watu mia moja: unga kiasi gani, mafuta kiasi gani, sufuria ngapi. Alipopata zamu yake akanunua sufuria mbili kubwa, akaaga mwisho wa mwezi. Hatutawadanganya: miezi miwili ya kwanza alipata chini ya ule mshahara, na watoto walikula maharagi zaidi ya samaki. Mwezi wa tatu akaitwa kupika katika matanga, kisha katika arusi. Leo hapati feza nyingi, lakini anapata sawa na mbele, analala usiku, na tunamwona kanisani. Na aliyemwita kwa arusi ya kwanza alikuwa ni mke wa patroni wake wa zamani, kwa sababu aliondoka vizuri.

V. NAMNA YA KUONDOKA

Yakobo, pamoja na haki yake yote, aliondoka kwa siri wakati Labani alipokuwa akikata manyoya ya kondoo. Labani akasikia siku ya tatu, akamfuata siku saba. Isingekuwa Mungu aliyemwonya Labani, damu ingemwangika. Nehemia alifanya njia ingine. Alisikia habari mbaya za Yerusalema, akaomba na kufunga karibu miezi minne, huku akiendelea kupeleka kikombe kila siku kama kawaida. Mfalme alipomuuliza, aliogopa sana, lakini alisema shida yake waziwazi. Alitaja muda. Aliomba barua za njia. Ndipo akaenda, na ukuta ukajengwa kwa siku 52. Tunaona mambo manne: kuomba, kuendelea kutumika vizuri, kutaja muda, kuchukua barua. Tuyaweke katika maisha yetu.

Kutaja muda. Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka siku za kuaga, ambazo kwa Kifaransa tunaita preavisi. Mwenye kazi akitaka kumwondoa mfanyakazi anampa angalau siku 14 za kazi, na anaongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima. Mfanyakazi akitaka kuondoka mwenyewe, anatoa nusu ya siku hizo. Mfano: umetumika miaka 2. Mwenye kazi angekupa 14 na 14, ni siku 28. Wewe unatoa siku 14. Andika barua fupi, yenye tarehe. Andika mbili, na moja isainiwe ibaki kwako. Usiandike matusi wala historia yote. Andika kwamba unaacha, tangu siku gani, na kwamba unashukuru.

Wengine watasema: "Mimi sina kontra ya maandishi." Hata hivyo una haki. Pasipo maandishi, sheria inahesabu kwamba mapatano yenu ni ya muda usio na mwisho, mpaka kitu kingine kihakikishwe. Wenzako wa kazi wanaweza kushuhudia.

Kuchukua barua. Kazi inapokwisha, kwa sababu yoyote, mwenye kazi anapaswa kukupa cheti kinachoonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Kiombe. Kitakufungulia mlango mwingine. Uliza pia kama alikuandikisha katika CNSS, ile iliyoitwa INSS zamani, na uchukue namba yako. Kama anakataa kukulipa siku ulizotumika, usiende kupigana. Nenda Inspeksio ya Kazi, ambayo kazi yake moja ni kuwapatanisha.

Kuendelea kutumika vizuri. Siku zako za mwisho ziwe kama za kwanza. Hesabu feza mbele ya shahidi, rudisha funguo na aproni iliyofuliwa, mfundishe anayekuja nyuma yako. Usiondoke usiku wa Noeli ao wa tarehe 30 Juni ukiwaacha wenzako na meza zote. Usichukue hata kijiko. Na ukifika kwingine, usianze kusimulia ubaya wa nyumba ya kwanza, kwani patroni mpya anasikiliza akiwaza: "Kesho atasema hivi juu yangu."

VI. NENO KWA WALE WENYE RESTORA NA KWA KANISA

Kati yetu kuna baba na mama wenye restora. Fundisho hili ni lenu pia. Watumishi wanne wakiondoka katika mwaka mmoja, usiseme tu kwamba vijana wa leo ni wavivu. Tazama tarehe ya kulipa, tazama saa za kazi, tazama yule mgeni mkubwa ambaye wasichana wanakataa kumpelekea chakula. Kufukuza mgeni mmoja mwenye mikono mibaya kunapoteza meza moja. Kumnyamazia kunapoteza nyumba.

Nasi kanisani tusiulize tu: "Kwa nini hukuja ibada?" Tuulize vilevile: "Unatoka kazini saa ngapi?" Ndugu ao dada aliyeacha kazi kwa ajili ya zamiri yake asiachwe peke yake na sufuria tupu. Wale saba wa Matendo sura ya 6 waliwekwa kwa ajili ya watu waliosahauliwa katika chakula. Kazi ile haijaisha.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA KATIKA VIKUNDI

1. Katika alama tano, ni ipi inayoonekana zaidi kati ya watu wa mtaa wetu?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuondoka kwa Yakobo na kuondoka kwa Nehemia? Ni kipi tunachoweza kufuata?
3. Kila mmoja anayetumika aandike nyumbani hesabu ya mshahara unaofika nyumbani. Umeona nini?
4. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini, kwa feza ao kwa mikono, kwa dada aliyelazimishwa kuondoka gafula?

Wapendwa, atakayeona kwamba inafaa abaki, abaki kwa moyo mzima, wala asinungunike juu ya sahani za watu. Atakayeona kwamba wakati umefika, ainuke kwa utaratibu, mikono safi, barua mfukoni, nyumba yake ikijua. Mungu Baba awalinde wote wanaobeba na wote wanaokula. Amina.